Seli Changa za Mafuta: Zinazokomaa, Zinazokufa na Zinazokaa Bure

Wapo watu wachache sana duniani wanaozaliwa karibu bila mafuta mwilini. Ugonjwa wao huitwa Berardinelli-Seip, kwa majina ya daktari wa Brazil na daktari wa Norway walioueleza katika miaka ya 1950. Ukimtazama mtoto mwenye ugonjwa huo utadhani ni mwanamichezo: misuli imejitokeza, mishipa ya damu inaonekana chini ya ngozi, mashavu yamebonyea. Kwa mazoea yetu ya kufikiri, mtu wa namna hii angekuwa wa mwisho kupata maradhi ya wanene. Kumbe huyapata mapema kuliko wanene wenyewe. Ini lake hujaa mafuta na kuvimba, mafuta huzidi katika damu, mwili haupokei insulini ipasavyo, na wengi hupata kisukari wakiwa bado vijana. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichukua panya waliobadilishwa jeni wasiwe na mafuta, ambao tayari walikuwa na kisukari kikali, wakawapandikizia tishu ya mafuta kutoka kwa panya wazima. Sukari ikashuka, insulini ikaanza tena kusikika mwilini, na ini likapungua mafuta. Panya waliponywa kwa kuongezewa kitu kile kile ambacho sisi hukilaumu kila siku.

Mfano huo wa nadra unatulazimisha kuuliza upya swali la unene. Chakula kinachozidi mahitaji lazima kiwekwe mahali. Kikipata seli za mafuta zenye nafasi, kitakaa humo salama, hata kama mwenye mwili atalalamika kwamba nguo zinambana. Kikikosa, kitakwenda kwenye ini, kwenye misuli, kwenye kongosho, sehemu ambazo hazikuumbwa kwa kazi hiyo, na hapo ndipo madhara yanapoanza. Kwa hiyo hatari ya kiribatumbo haipimwi kwa kilo peke yake. Inategemea kama mwili unaweza kuendelea kutengeneza seli mpya za mafuta kadiri mzigo unavyoongezeka, na uwezo huo umo mikononi mwa seli changa, zile ambazo bado hazijawa seli za mafuta lakini zimeandaliwa kuwa hivyo. Kwa miaka mingi mjadala kuhusu seli hizi ulikuwa wa mambo mawili: zinaishi au zinakufa? Hoja yangu ni kwamba swali limekatwa vibaya. Kuna hali ya tatu, ya seli inayobaki hai lakini haikomai, na ushahidi wa miaka kama 20 hivi unaonyesha kwamba hali hiyo ndiyo inayodhuru zaidi, kuliko hata kifo chenyewe.

Seli changa za mafuta hukaa ndani ya tishu ya mafuta yenyewe, nyingi zikiwa zimejibanza kando ya mishipa midogo ya damu. Kwa umbo hazina la kujitambulisha: ni nyembamba, ndefu, zinafanana na seli za kawaida za nyama unganishi, na ndiyo maana zilichukua muda mrefu kutambuliwa kwa uhakika. Mwaka 2008 maabara mbili za Marekani, kila moja kwa njia yake, zilifanikiwa kuzibainisha katika panya. Lakini tabia yao ilikuwa imeshajulikana tangu miaka ya 1970, Howard Green na Olaniyi Kehinde walipokuza katika vyombo vya maabara aina ya seli za panya iliyopewa jina la 3T3-L1, ambayo mpaka leo hutumika kila pembe ya dunia. Ukizikuza seli hizo mpaka zijaze chombo, kisha ukaziongezea insulini na vichocheo vingine, ndani ya siku chache zinaacha umbo la uzi na kuwa duara, na ndani yake yanatokea matone madogo ya mafuta. Siku zinavyopita matone yanaungana, na ukiyatia rangi nyekundu ya mafuta, chombo kizima kinaiva kama kimemwagiwa mawese. Anayeamuru mageuzi hayo ni protini moja inayokaa ndani ya kiini cha seli, PPAR-gama. Ikiamka, jeni za kuhifadhi mafuta zinawaka. Ikizimwa, seli inabaki ilivyokuwa, hata uilishe nini.

Mtu anaweza kupinga hapo hapo: hayo ni mambo ya utotoni, mtu mzima seli zake za mafuta zimeshahesabiwa. Pingamizi hili lina msingi. Mwaka 2008 Kirsty Spalding, Peter Arner na wenzao wa Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm walitumia njia ya ajabu kupima umri wa seli hizo. Mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa angani kuanzia katikati ya miaka ya 1950 mpaka mkataba wa 1963 yalimwaga hewani kaboni-14 nyingi, ikaingia katika mimea, katika chakula, na katika DNA ya kila seli iliyozaliwa wakati huo. Kwa kuwa kiwango hicho kimekuwa kikishuka mwaka hadi mwaka, kaboni iliyomo katika DNA ya seli inasema seli ilizaliwa lini. Walichokuta ni kwamba idadi ya seli za mafuta hupangwa utotoni na katika ujana, kisha husimama. Mnene anazo nyingi kuliko mwembamba, na idadi yake huanza kupanda mapema zaidi: kwenye umri wa miaka 2 hivi, wakati kwa wembamba ni karibu miaka 6. Hata watu waliofanyiwa upasuaji wa tumbo wakapungua sana hawakupoteza seli; kila seli ilinywea, lakini hesabu ilibaki ile ile.

Wengi waliposoma matokeo hayo waliishia kwenye neno “husimama”, wakaacha nusu ya pili ya habari, ambayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko ya kwanza. Idadi inasimama kwa sababu vifo na vizazi vinalingana: kila mwaka takriban asilimia 10 ya seli za mafuta za mtu mzima hufa na nafasi zao kujazwa na mpya. Chukua mtu mwenye seli bilioni 40. Asilimia 10 ni seli bilioni 4 kwa mwaka, sawa na kama milioni 11 kwa siku, na kila moja kati ya hizo imetokana na seli changa iliyokubali kukomaa. Hiyo ni shughuli isiyolala. Ikipungua kidogo tu, seli zilizopo zitalazimika kubeba mgawo wa zile ambazo hazikuzaliwa, na zitavimba. Halafu uthabiti wenyewe si wa mwili mzima. Michael Jensen na wenzake wa Mayo Clinic waliwalisha kupita kiasi kwa wiki 8 watu wazima 28 wenye afya. Juu ya kiuno, seli zilizokuwepo zilinenepa. Mapajani mambo yalikuwa mengine: ongezeko la kilo 1.6 tu za mafuta upande wa chini wa mwili liliambatana na seli mpya zinazokadiriwa kuwa bilioni 2.6. Mapaja yalizalisha, tumbo likavimbisha. Kitambi, ambacho mitaani kwetu kimehesabiwa miaka nenda rudi kuwa dalili ya mambo kumnyookea mtu, huenda kikawa dalili ya seli ambazo hazikupata wa kuzisaidia.

Seli iliyovimba kupita kiasi ina matatizo yake. Oksijeni kutoka kwenye mshipa mdogo wa damu haisafiri mbali ndani ya tishu, na seli ya mafuta iliyojaa sana inaweza kuwa na kipenyo kinachokaribia umbali huo wote. Sehemu yake inaanza kukosa hewa, inatoa ishara za dhiki, na mwisho inapasuka. Mwaka 2005 Saverio Cinti na wenzake walichungulia kwa hadubini tishu ya mafuta ya panya na ya binadamu wanene wakaona picha ambayo sasa imo katika kila kitabu cha fani hii: seli ya mafuta iliyokufa, limebaki tone lake la mafuta, na kulizunguka pande zote zimepangana makrofaji, zile seli za kinga zinazomeza mabaki ya seli zilizokufa. Kwa umbo wakaiita taji. Zaidi ya asilimia 90 ya makrofaji katika tishu ya wanene zilikuwa zimekusanyika kwenye mataji hayo. Tone la mafuta ni kubwa kuliko makrofaji yenyewe, haliwezi kumezwa kwa siku moja, kwa hiyo seli hizo hukaa hapo muda mrefu zikilila kidogo kidogo na kumwaga kemikali za kuchochea kinga. Seli changa, ambazo makao yao ni jirani, zinaishi ndani ya moshi huo.

Moshi huo unazifanya nini? Jibu la kwanza kupatikana lilikuwa kwamba unaziua. Mwaka 1997 Johannes Prins na wenzake walionyesha kwamba TNF-alfa, mojawapo ya kemikali zinazomwagwa na seli za kinga, huzifanya seli za mafuta za binadamu, changa na zilizokomaa, zijiue zenyewe kwa ule utaratibu wa kifo kilichopangwa uitwao apoptosisi. Mwaka uliofuata wakaongeza jambo ambalo halijazungumzwa vya kutosha: seli changa zilizotolewa kwenye mafuta ya ndani ya tumbo zilikufa kwa urahisi zaidi kuliko zile za chini ya ngozi, hata zikiwekwa katika hali sawa. Hapo simulizi ikakamilika, na ilikuwa simulizi nzuri. Unene unaleta kinga kali, kinga inaua seli changa, hasa za tumboni, zilizobaki zinavimba, zinapasuka, zinaita makrofaji zaidi, na mduara unaendelea. Dawa yake ingekuwa wazi: zilinde seli changa zisife.

Tatizo ni kwamba simulizi hiyo haikustahimili jaribio lililokuja baadaye, na jaribio lenyewe lilikuwa rahisi kiasi cha kufanyika katika maabara yoyote ya kawaida. Katika Chuo Kikuu cha Ottawa, maabara ya Alexander Sorisky ilikuza makrofaji katika maji ya lishe, ikaziondoa, ikabaki na maji yenye kila kitu zilichomwaga. Maji hayo yakahamishiwa kwenye vyombo vyenye seli changa. Mwaka 2006 waliripoti kwamba seli changa zilizolowa humo, za panya na za tumbo la binadamu, zilishindwa kukomaa: vichocheo vyote vilikuwepo, matone ya mafuta hayakutokea. Hilo lilitarajiwa. Mwaka 2009 wakauliza swali jingine: je, zinakufa? Wakazinyima seli za 3T3-L1 serumu, yale majimaji ya damu yanayozilisha, jambo ambalo kwa kawaida ni hukumu ya kifo, na kweli zile zilizoachwa katika maji matupu zikafa. Zile zilizopewa maji ya makrofaji zikaishi. Walipoizuia kwa kingamwili protini moja ya ukuaji iliyomo humo, PDGF, ulinzi huo ukapotea na seli zikafa kama wenzao.

Soma majaribio hayo mawili pamoja na picha ya unene inabadilika. Maji yale yale yanayozuia seli changa isikomae ndiyo yanayoizuia isife. Haijakufa ili ipishe nyingine, wala haijakomaa ili ibebe mafuta. Imebaki pale pale, hai. Paris nako, kundi la Karine Clément lilikuta kwamba seli changa za binadamu zikikaa katika maji ya makrofaji hazitulii tu. Zenyewe zinageuka kuwa watoaji wa kemikali za kuchochea kinga na kutandaza nyuzi za kolajeni. Miaka kadhaa baadaye kundi hilo likabainisha katika tishu ya wanene jamii ya seli changa zenye alama nyingi ya CD9, ambazo badala ya kuelekea kwenye mafuta zimeelekea kwenye makovu. Kadiri zinavyozidi, ndivyo tishu inavyokuwa ngumu na ndivyo sukari ya mwenye mwili inavyoharibika. Na kovu linafanya hali iwe mbaya zaidi, kwa sababu tishu ngumu haitanuki. Kwa hiyo TNF-alfa inaua, PDGF inaokoa, na zote mbili zimo katika tishu moja kwa wakati mmoja. Anayetaka kujua mwisho wa seli changa kwa kuhesabu maiti peke yake atakosa sehemu kubwa ya habari.

Sehemu nyingine ya habari hiyo ni uzee. Seli iliyogawanyika mara nyingi mno, au iliyoharibiwa DNA yake, huwa na njia mbili za kistaarabu: kujiua, au kuacha kabisa kugawanyika. Inayochagua ya pili huitwa seli iliyozeeka, hata kama mwenye mwili ana miaka 30. Haifi kwa urahisi, kwani imejizatiti dhidi ya apoptosisi, na haikai kimya. Inamwaga mchanganyiko wa kemikali unaozichafua jirani zake na kuzizuia zisikomae. James Kirkland, Tamara Tchkonia na wenzao wa Mayo Clinic wameonyesha kwamba seli changa za namna hii hurundikana katika mafuta ya wanene na ya wazee. Gothenburg, Uswidi, Ulf Smith na wenzake wakaongeza jambo lililonishawishi zaidi kuliko yote: watu wembamba ambao mzazi au ndugu yao ana kisukari aina ya pili wanaweza kuwa na seli kubwa za mafuta na seli changa zisizokomaa vizuri kabla hawajanenepa hata kidogo. Hapo haiwezekani tena kusema kwamba udhaifu wa seli changa ni majivu tu ya moto wa unene. Kwa baadhi ya watu umetangulia moto.

Kama hoja hii ni ya kweli, basi kuzisaidia seli changa zikomae kunapaswa kumfaa mnene hata asipopungua kilo moja. Jambo hilo limejaribiwa. Mwaka 2007 maabara ya Philipp Scherer nchini Marekani iliwachukua panya wanene wasio na leptini, homoni inayozuia njaa, ikawafanya watoe homoni ya adiponektini kwa wingi. Panya hao wakawa na mafuta mengi kupita hata wenzao, wanene wa kutisha, lakini sukari yao ikawa ya kawaida na ini likawa safi: mafuta yalikuwa yamegawanywa kwenye seli nyingi ndogo. Mwaka 2018 kundi la Rana Gupta likaongeza PPAR-gama ndani ya seli changa tu za panya waliolishwa mafuta mengi. Mafuta ya ndani ya tumbo yakakua kwa seli ndogo ndogo, bila mataji mengi na bila makovu. Walipoiondoa PPAR-gama kwenye seli hizo hizo, kinyume chake kikatokea. Na kwa binadamu, dawa za kisukari za jamii ya pioglitazone, ambazo kazi yake ni kuiamsha PPAR-gama, zimekuwa zikifanya kitu kinachowachanganya wagonjwa kwa miaka mingi: uzito unapanda na sukari inashuka. Mgonjwa anaona kinyume. Seli zake hazioni kinyume chochote.

Msomaji makini atasema nimemrundikia panya. Ni kweli, na kasoro yake ni kubwa kuliko watafiti wengi wanavyopenda kukiri. Mafuta ya tumboni yanayochunguzwa sana kwa panya dume ni kifuko kinachoning'inia karibu na korodani, ambacho binadamu hana. Lakini katika suala hili jeni za binadamu zinasema jambo lile lile. Mwaka 1999 familia chache zilikutwa na kasoro katika jeni ya PPAR-gama yenyewe, na wenye kasoro hiyo walikuwa na usugu mkali wa insulini, kisukari na shinikizo la damu wakiwa na umri mdogo. Hao ni wachache, wa nadra. Mwaka 2017 watafiti wa Cambridge wakawatazama watu wa kawaida kwa maelfu, wakapata sehemu 53 za jeni zinazohusiana na usugu wa insulini. Waliorithi vibaya sehemu hizo walikuwa na mafuta kidogo zaidi miguuni na sehemu za pembeni za mwili. Yaani ule ugonjwa wa Berardinelli-Seip una kivuli chake chepesi kinachotembea kati ya watu wa kila siku, wasiojulikana kwa lolote.

Pingamizi gumu zaidi linatoka Afrika Kusini. Kama mafuta ya makalio na mapaja ni salama, basi wanawake weusi wa huko, ambao wakilinganishwa na wazungu wa uzito ule ule wana mafuta mengi zaidi sehemu hizo na machache zaidi ndani ya tumbo, wangepaswa kuwa na insulini inayofanya kazi vizuri. Hawanayo, tafiti za Cape Town zimeonyesha mara kwa mara kwamba usugu wao ni mkubwa zaidi. Anayetegemea ramani rahisi ya “tumbo baya, makalio mazuri” hana pa kwenda. Lakini Julia Goedecke na wenzake walipochukua vipande vya mafuta ya makalio yenyewe, walikuta kwamba kwa wanawake weusi wanene jeni za kukomaza seli za mafuta zilikuwa zimepoa, na kupoa huko kulikwenda sambamba na usugu wa insulini. Eneo lilikuwa zuri, kazi ndani yake imesimama. Naona matokeo hayo yanaipa hoja ya seli changa nguvu ambayo vipimo vya kiuno haviwezi kuipa, na pia yanatuonya tuliopo upande huu wa bara: viwango vya hatari vilivyopatikana kwa kuwapima Wazungu havina budi kupimwa upya kwa watu wengine, si kuazimwa tu. Kwa watu wa asili ya Asia Kusini, ambao hupata kisukari kwenye uzito mdogo, jambo hili limeshakubaliwa na viwango vimeshushwa.

Lipo pia pingamizi la akili ya kawaida, nalo halistahili dharau: haya yote ya nini, mtu si apunguze kula? Jibu ni kwamba kupunguza kunafanya kazi, tena kwa nguvu. Katika utafiti wa DiRECT nchini Uingereza, uliotangazwa mwaka 2017, asilimia 46 ya wagonjwa wa kisukari aina ya pili waliowekwa kwenye mlo mdogo sana walikuwa wameondokana nacho baada ya mwaka mmoja, bila dawa. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi walikuwa asilimia 86. Linganisha na wanawake 15 walionyonywa kwa upasuaji takriban kilo 10 za mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo, matokeo yakachapishwa mwaka 2004: insulini yao haikubadilika hata kidogo. Tofauti ya makundi hayo mawili haielezeki kwa kilo. Aliyefunga mdomo alipunguza mzigo katika kila seli na katika ini. Aliyenyonywa aliondolewa seli zenyewe pamoja na nafasi yake, na zilizobaki zikaendelea kuwa kama zilivyokuwa. Roy Taylor wa Newcastle, mmoja wa walioongoza DiRECT, amependekeza kwamba kila mtu ana kikomo chake binafsi cha mafuta, wengine wakikifikia wakiwa bado wanaitwa wembamba. Taylor haishii kwenye seli changa kama ninavyofanya mimi. Lakini ukiuliza kikomo hicho kimewekwa na nini, ni vigumu kupata mgombea mwingine anayefaa zaidi.

Bado hayo hayatoi ruhusa ya kusema kwamba seli nyingi za mafuta ni heri tupu. Anayeziongeza anaongeza pia kinachobaki akipungua, maana kama Stockholm walivyoonyesha, seli hazitoki, zinanywea na kusubiri. Na dawa za kuiamsha PPAR-gama zina bei yake. Troglitazone iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2000 kwa kuharibu maini. Rosiglitazone ilisimamishwa Ulaya mwaka 2010 kwa hofu ya moyo. Pioglitazone imebaki, lakini hujaza maji mwilini, haifai kwa wenye moyo ulioshindwa kazi, na huongeza hatari ya kuvunjika mifupa. Hili la mifupa linaeleweka vizuri ukijua asili ya seli changa. Katika uboho, seli za mafuta na seli za kujenga mfupa zina mababu wamoja, na PPAR-gama ikiamrishwa kila mahali, baadhi ya waliokuwa waende kwenye mfupa wanaelekezwa kwenye mafuta. Dawa inayokwenda mwili mzima haiwezi kuchagua ni seli changa ipi ikomae na ipi iachwe.

Ndiyo maana macho yamegeukia njia ya upande wa pili: kuziondoa seli zilizozeeka, zilizoziba nafasi. Kwa panya wanene, mchanganyiko wa dasatinib, dawa ya saratani ya damu, na quercetin, kemikali inayopatikana hata kwenye vitunguu na matofaa, umeua seli zilizozeeka, na uwezo wa seli changa kukomaa pamoja na utendaji wa insulini vikaimarika. (Asije mtu akaanza kula vitunguu kwa kilo, kipimo kilichotumika hakipatikani jikoni, na dasatinib si dawa ya kuchezea.) Mwaka 2019 kundi la Mayo Clinic liliwapa watu 9 wenye ugonjwa wa figo uliotokana na kisukari dawa hizo kwa siku 3 tu, likachukua vipande vya mafuta yao kabla, na tena siku 11 baada ya kumaliza. Seli zenye alama za uzee zilipungua, na makrofaji zilizokusanyika zikapungua pia. Watu 9 ni wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo sitasema zaidi ya hapo kuhusu uponyaji wowote. Ninachotaka kuona katika majaribio yanayofuata ni hesabu ambayo jaribio hilo halikukusudiwa kuitoa: baada ya seli zilizozeeka kufa, ni seli changa ngapi zilikomaa mahali pake, na je, mafuta ya ini yalishuka wakati huo huo? Kupungua kwa zilizozeeka bila ongezeko la zinazokomaa kutatuachia tishu safi zaidi lakini ile ile kwa upungufu wa nafasi, na kwa mgonjwa wa kisukari nafasi ndiyo inayokosekana.